Dalili ya Mvua ni Mawingu: Saratani ya Umio Baada ya Matibabu



Swali la leo limeletwa na msikilizaji mwenzenu. Anaeleza kwamba baba yake mdogo alifanyiwa upasuaji wa saratani ya umio, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita kansa ya koo. Madaktari waliwaambia wanandugu kuwa ugonjwa ulikuwa haujatoka mahali pake, na kwamba uvimbe wote umetolewa. Mgonjwa akarudi nyumbani, akaanza na uji, akafika kwenye wali, mwili ukarudi, jamaa wakamshukuru Mungu. Baada ya miezi 10 alipimwa tena, na saratani ikaonekana kwenye ini.

Sasa ukoo umegawanyika. Upande mmoja unasema kisu cha daktari ndicho kilichoisambaza, maana kansa, wanasema, haiguswi na chuma. Upande wa pili unadai kuwa madaktari walijua tangu mwanzo wakanyamaza. Naye msikilizaji anauliza: je, iliwezekana kujua mapema kwamba saratani ile ingesambaa?

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuwauliza wanaojua na kusoma walichoandika, kisha kukuleteeni kwa lugha tunayoelewana. Nikilijibu swali hili kwa kifupi nitasema hivi: kujua kwa hakika, hapana, kukisia kwa kupima dalili, ndiyo. Wahenga walituambia kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima huyaangalia mawingu akaamua kupanda au kusubiri, ingawa anafahamu vizuri kuwa si kila wingu huleta mvua. Madaktari nao wana mawingu yao wanayoyaangalia, na jambo ninalotaka kulisema leo ni kwamba mgonjwa ana haki ya kuonyeshwa mawingu hayo.

Tuanze na umio wenyewe. Ni mrija wa nyama wenye urefu wa kama sentimita 25, unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon nchini Ufaransa, mwaka 2022 watu wapatao 511,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya mrija huu, na watu wapatao 445,000 walikufa kwayo. Tarakimu hizo mbili zinavyokaribiana ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo mkali. Kwetu si habari ya mbali. Upande wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye wagonjwa wengi wa saratani hii.

Kwa nini saratani hii husafiri mapema? Sababu zake ziko katika maumbile. Kwanza, umio ni mrija unaotanuka. Uvimbe unaweza kukua ndani yake kwa miezi mingi na chakula kikaendelea kupita, kwa hiyo mgonjwa anapoanza kukwamwa na nyama au ugali, uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia. Pili, umio hauna ule utando wa nje unaofunika utumbo, kwa hiyo saratani ikipenya msuli inakuta mlango wazi wa kuingia kifuani. Tatu, chini kidogo ya ngozi ya ndani ya mrija huu kuna mtandao wa vijishipa vya limfu, yaani maji ya mwili yanayopita katika tezi. Vijishipa hivyo vinapanda na kushuka kufuata urefu wa umio. Seli moja ya saratani ikiingia humo inaweza kuibukia kwenye tezi za shingoni au za tumboni, mbali na uvimbe ulipo. Nyingine huingia katika damu, na hizo ndizo zinazofikia ini, mapafu na mifupa.

Hapo ndipo tunapopata jibu la ule upande unaolaumu kisu. Wako wagonjwa wengi wanaofika hospitali kwa mara ya kwanza, hawajawahi kuguswa na wembe wala sindano ya daktari, na wakipigwa picha wanakutwa na saratani kwenye ini au kwenye mapafu. Hao nani aliwakata? Mbegu husafiri zenyewe, mara nyingi kabla mgonjwa hajajua kuwa anaumwa. Upasuaji huutoa mti. Mbegu zilizokwisha kupeperushwa haziwezi kufuatwa na kisu. Zikija kuota baada ya miezi 10, watu wanakumbuka kisu kwa sababu ndicho walichokiona.

Imani hii ya chuma ina madhara, ndugu wasikilizaji. Yuko mgonjwa anayekataa kuchukuliwa kinyama cha kupima, akaenda kunywa mizizi kwa miezi 4, akarudi hospitali wakati hata mate hayapiti. Huyo ndiye saratani inayemshinda kwa urahisi, na jamaa wanaomshauri hivyo wanadhani wanamlinda.

Sasa tugeukie upande wa pili, ule unaosema madaktari walijua. Daktari akisema ugonjwa umebaki mahali pake, maana yake ni kwamba kwa vyombo alivyo navyo hajaiona saratani kwingine. Picha ya CT huonyesha kitu kilichofikia ukubwa fulani. Kijivimbe kidogo kuliko punje ya mtama kinaweza kupita bila kuonekana, na ndani ya kijivimbe hicho zimo seli nyingi sana. Kwa hiyo daktari husema kweli, lakini kweli hiyo ina mpaka, na mpaka huo ndio ambao mara nyingi hautajwi.

Je, mawingu yenyewe ni yapi? La kwanza ni kina. Uvimbe ukitolewa hupelekwa maabara, ukakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Mtaalamu wa patholojia huangalia umepenya tabaka gani la ukuta wa umio. Ukiwa umeishia kwenye ngozi ya ndani kabisa, ni mara chache kukuta tezi zimeguswa. Ukiingia tabaka lililo chini yake, penye ule mtandao wa limfu, hatari inapanda. Ukivuka msuli, inapanda zaidi.

Wingu la pili, nalo ndilo zito kuliko mengine, ni idadi ya tezi zilizokutwa na saratani. Madaktari duniani wamekubaliana kuzipanga kwa makundi manne: hakuna hata moja, tezi 1 au 2, tezi 3 hadi 6, na tezi 7 au zaidi. Kila unapopanda kundi, uwezekano kwamba mbegu zimefika mbali unaongezeka. Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Kukuta tezi 4 zote safi hakufanani na kukuta tezi 20 zote safi. Aliyechunguza 4 pengine hakuifikia ile ya 5 iliyokuwa na ugonjwa. Miongozo ya Marekani hutaka zichunguzwe angalau tezi 15 kwa mgonjwa anayeanza na upasuaji. Kwa hiyo tuulize maswali mawili: ngapi zimekutwa na saratani, na katika ngapi zilizotazamwa?

Wingu la tatu ni kingo. Je, pale kisu kilipopita nyama ilikuwa safi, au saratani ilikuwa imefika ukingoni? Na la nne ni kama saratani imeonekana ndani ya mishipa midogo ya damu au ya limfu karibu na uvimbe. Mambo yote haya manne huandikwa katika karatasi moja ya maabara. Nitairudia karatasi hiyo baadaye.

Sehemu nyingi siku hizi haziendi moja kwa moja kwenye kisu. Nchini Uholanzi, kati ya mwaka 2004 na 2008, madaktari waliwagawa kwa kura wagonjwa 366. Kundi moja lilifanyiwa upasuaji tu. La pili lilitanguliziwa dawa za saratani pamoja na mionzi kwa majuma 5, ndipo likapasuliwa. Waliotanguliziwa tiba hiyo waliishi muda mrefu zaidi, na hata baada ya miaka 10 tofauti ilikuwa bado inaonekana: 38 katika kila 100 walikuwa hai, ikilinganishwa na 25 katika kila 100 ya wale waliopasuliwa tu.

Ripoti ya mwaka 2014 kuhusu majaribio hayo ya Uholanzi inatufundisha jambo zito zaidi. Katika kila wagonjwa 100 waliopasuliwa bila kutanguliziwa tiba, 34 ugonjwa uliwarudia pale pale ulipokuwa au jirani yake. Kwa waliotanguliziwa, idadi ilishuka hadi 14. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini saratani iliyosafiri kwa damu ilishuka kutoka 35 hadi 29 tu. Kwa maneno mengine, mionzi na kisu ni walinzi hodari wa kiwanja kimoja. Aliyekwisha kuruka ukuta wanamwona mgongo. Ndiyo maana swali linalowasumbua wataalamu leo si tena namna ya kuutoa uvimbe peke yake, bali namna ya kumjua mgonjwa ambaye mbegu zake zimekwisha kuruka.

Tiba hiyo ya kutangulia imeleta wingu jingine la kuangalia, nalo ni mabaki. Uvimbe ukitolewa baada ya dawa na mionzi, hadubini huonyesha kama kuna seli za saratani zilizosalimika. Mwaka 1994 wataalamu wa Ufaransa walitoa kipimo cha ngazi 5: ngazi ya kwanza hakuna hata seli moja ya saratani, limebaki kovu tu, ngazi ya tano dawa ni kama haikugusa kitu. Katika utafiti ule wa Uholanzi, wagonjwa 29 katika kila 100 waliotanguliziwa tiba hawakukutwa na seli yoyote hai. Aliyekutwa safi namna hiyo ana matumaini makubwa zaidi, ingawa hata miongoni mwao wapo ambao ugonjwa huwarudia.

Na aliyekutwa na mabaki je? Huyo ndiye anayeonyesha faida ya kubashiri. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi nyingi, wenye wagonjwa 794 ambao walipata dawa, mionzi na upasuaji, kisha maabara ikakuta mabaki. Baadhi yao walipewa dawa iitwayo nivolumab, inayoamsha kinga ya mwili iitambue saratani. Wengine wakapewa dawa isiyo na kitu ndani yake. Nusu ya waliopewa nivolumab walivuka miezi 22 wakiwa hai bila ugonjwa kurudi. Katika kundi la pili, nusu walivuka miezi 11 tu. Dawa hiyo ni ghali, na kwa familia nyingi za kwetu haikamatiki. Lakini funzo lake halina bei: utabiri mzuri ni ule unaobadilisha jambo litakalofanyika kesho.

Kuna na wingu jipya, ambalo linatafutwa katika damu. Seli za saratani zinapokufa huacha vipande vya vinasaba vyao vikielea kwenye damu. Wataalamu nchini Marekani walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa wagonjwa 45 wa saratani ya umio iliyokuwa haijasambaa. Baada ya dawa na mionzi, wale ambao damu yao bado ilikuwa na vipande hivyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani kurudi na kusambaa mbali. Damu ilitoa taarifa wastani wa miezi 2.8 kabla ya picha kuonyesha chochote. Ni habari ya kutia moyo, lakini wagonjwa 45 ni wachache, na damu kutoonyesha kitu si hati ya kupona. Asije mtu akauza ng'ombe kukimbilia kipimo hicho huku karatasi yake ya maabara imelala kabatini hospitalini, haijasomwa.

Ndugu wasikilizaji, nimetaja hesabu nyingi, na sina budi kueleza namna ya kuzishika. Daktari anaposema wagonjwa 35 katika kila 100, anaelezea mkutano mzima. Hakuelezi wewe umekaa kiti gani katika mkutano huo. Hii si ramli. Mpiga ramli humtaja mtu na siku yake. Hesabu ya daktari inakuambia uzito wa mawingu, basi.

Aidha, hesabu hizi zimetoka zaidi kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Saratani ya umio iko ya aina mbili kubwa. Ile inayotokea upande wa chini karibu na tumbo, yenye uhusiano na kiungulia cha miaka mingi na unene, ndiyo iliyojaa katika nchi hizo. Katika utafiti wa Uholanzi robo tatu ya wagonjwa walikuwa nayo. Ya kwetu Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni ile nyingine, inayoanzia kwenye ngozi laini ya ndani ya umio. Na aina hizi mbili hazilingani mbele ya tiba: wale 29 niliowataja wasiokutwa na mabaki, ukiwatenga kwa aina, hii ya kwetu inatoa 49 katika kila 100, na ile nyingine 23. Kwa hiyo usichukue tarakimu ya mgonjwa wa Rotterdam ukamvika mzee wa Singida kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Muulize daktari kwanza: yangu ni aina gani?

Sasa mgonjwa afanye nini? La kwanza ni ile karatasi ya maabara. Iombeni, mpewe nakala, na muiweke mahali pamoja na hati ya shamba na vyeti vya watoto. Mwombeni daktari akae nanyi awaeleze mambo matano: aina ya saratani, kina chake, tezi ngapi katika ngapi, kingo, na kama kuna mabaki baada ya tiba. Hayo matano ndiyo mawingu yenu.

La pili ni kalenda. Saratani hii ikirudi, mara nyingi sana hurudi katika miaka 2 ya mwanzo. Baada ya miaka 3 inapungua mno, na baada ya miaka 5 ni nadra. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kwa nafasi ndefu zaidi mpaka mwaka wa 5. Najua nauli ya kutoka Kigoma au Mtwara hadi Ocean Road jijini Dar es Salaam si mchezo, na mtu anayekula vizuri haoni sababu ya kupoteza siku 3 njiani. Lakini miezi ile ambayo mgonjwa anajisikia vizuri ndiyo miezi ya kuangaliwa.

La tatu ni dalili za katikati ya safari. Kupungua uzito bila sababu, sauti kukwaruza na kukauka, kikohozi kisichokoma, maumivu ya mgongo au ya mifupa yanayoamsha usiku, macho kuwa ya manjano: usisubiri tarehe ya kadi, nenda. Chakula kikianza kukwama tena, nenda pia, wala usikate tamaa kabla hujafika. Mara nyingi pale umio ulipoungwa na tumbo panakuwa na kovu linalobana, na daktari anaweza kupatanua kwa kifaa, mgonjwa akarudi kula. Na kwa anayevuta sigara au kunywa pombe, kuacha kuna maana hata baada ya kutibiwa, kwa kuwa vitu hivyo vinaweza kuzaa saratani nyingine kabisa mdomoni, kooni au mapafuni.

Wapo watakaoniuliza: ikiwa imekwisha kusambaa na kuiondoa yote ni vigumu, kuna faida gani kujua? Nawajibu kwamba kujua kuna kazi nyingi. Kuna dawa zinazoirudisha nyuma kwa muda. Kuna mionzi inayotuliza maumivu ya mfupa. Kuna kijibomba cha waya kinachowekwa kwenye umio ili mtu aweze kumeza. Na kuna mambo ambayo hospitali haiwezi kuyafanya kwa niaba yako: kugawa shamba ukiwa na sauti, kumaliza ugomvi na ndugu, kumwelekeza mtoto ada yake itatoka wapi. Mtu aliyefichwa hali yake hunyang'anywa nafasi hiyo, na wanaomnyang'anya ni watu wanaompenda. Wanandugu humwita daktari pembeni wakamwambia, "Mzee asiambiwe." Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemfichia mwenzake maradhi yake, huyo anamfichia mali isiyo yake.

Kwa wakuu wa hospitali zetu nina ombi moja ambalo halihitaji mashine mpya wala mkopo wa nje. Mgonjwa yeyote anayetoka baada ya tiba ya saratani ya umio apewe ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye mambo yale matano, tarehe za kurudi, na dalili za kumrudisha haraka. Pia isiwe "tumeutoa wote, nenda nyumbani" peke yake. Iwe: "Tumeutoa wote tuliouona. Kwa tuliyoyakuta, hatari ya kusambaa ni ndogo," au "ni kubwa, na hivi ndivyo tutakavyokuangalia." Maneno hayo machache yangeuzuia ukoo wa msikilizaji wetu kutafuta mchawi kati ya daktari na kisu chake.

Mvua hatuizuii kwa kutoyatazama mawingu. Anayeyatazama huwahi kuanua mahindi yake.